Vishindo Kushoto Kwangu

Chumba namba 9,
Jengo la Dobi la Hospitali,
S.L.P. 418.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mkono uliochelewa mno kuandika. Hujambo lakini? Goti linasemaje siku hizi, bado linakutabiria mvua? Na macho je? Wifi aliniambia kwamba sasa unatungiwa uzi na mjukuu, wewe kazi yako ni kukanyaga cherehani tu. Nilicheka, maana nilikuona kabisa ukimfokea kwamba ameulowesha uzi wote kwa mate.

Sisi huku hatujambo, tunashukuru. Kaka yako, baba yangu, kifua kimempungua. Ameacha sigara kwa mara ya sita, na safari hii naamini ameacha kweli, kwa sababu anagombana na kila mtu anayevuta. Mimi bado niko dobi, zamu ya asubuhi, mashuka ya hospitali. Mwezi wa saba pasi kubwa ya mvuke iliharibika, tukapiga pasi kwa mkono wiki mbili nzima. Mabega yangu sasa ni ya mbeba mizigo.

Shangazi, tangu uhamie huko kwa kaka, mwanao mkubwa, ni mwaka na miezi mitatu, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Pengine ulidhani ni kazi, au ni uvivu wa vijana. Sivyo. Nilikuwa nakuogopa. Naomba ukae kitako, uipokee barua hii mahali penye utulivu, maana ina mambo niliyoyafunika muda mrefu.

Habari ya mbio unayo tayari. Mwezi uliopita nilikimbia mita elfu tano kwenye mchujo wa timu ya taifa, nikawa wa tatu. Waliochukuliwa ni watatu. Kambi inaanza mwezi ujao. Lakini hujui nilifikaje pale, na bila kulijua hilo, pongezi ulizonitumia zinanichoma.

Baada ya kumzika mwanao, Dakika wetu, nilikaa wiki tatu bila kukimbia. Unajua sisi wawili hatukuwahi kukimbia mbalimbali tangu tukiwa darasa la nne. Yeye alikaa kushoto kwangu, nusu hatua mbele, akihesabu kwa sauti ya chini: "Moja, mbili, tatu, achia." Akisema "achia" tunashusha mabega. Binti aliyechelewa kila mahali, aliyechelewa hata kipaimara chake mwenyewe, lakini akiwa mbioni hakukosea hesabu hata kwa pumzi moja. Ndiyo maana tukamwita Dakika.

Siku niliyorudi barabarani ilikuwa asubuhi nyeupe, jua limeshatoka. Nilikwenda kilomita ya kwanza vizuri. Kwenye ya pili nikasikia vishindo vya viatu kushoto kwangu. Nikadhani ni mmoja wa wenzetu, nikasogea kumpisha. Hakupita. Nikapunguza mwendo, vikapungua. Nikageuka. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Nilijiambia ni mwangwi wa ukuta wa kiwanda. Kesho yake nikapita njia isiyo na ukuta. Vikaja.

Shangazi, sikuandikii kukutisha. Nakueleza kilichonipata. Nilipokaribia lile daraja dogo, mahali alipofia Dakika, miguu iligoma. Haikuuma, haikuchoka. Ilisimama tu, kama punda aliyeona nyoka. Nilijaribu siku nne, na siku zote nne niliishia hatua chache kabla ya daraja, huku kushoto kwangu mtu anavuta pumzi kunisubiri.

Kocha wetu, yule mzee tunayemwita Filimbi, alinivumilia mwanzoni. Kisha akachoka. Unamjua na karatasi zake: kila Jumapili anabandika ukutani ratiba ya wiki, na kilichoandikwa ndicho kinachokimbiwa, inyeshe isinyeshe. Akaniita mbele ya wenzangu akasema, "Binti, mkimbiaji asiyekanyaga barabara ni kama mshonaji anayeogopa sindano. Chagua."

Nikamwomba miezi minne. Akauliza nitafanya nini ndani ya miezi minne bila barabara. Nikamjibu nitatafuta njia nyingine. Akatikisa kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

Basi nikaanza na ngazi. Unalikumbuka jengo letu: dobi chini, vyumba vya wafanyakazi katikati, paa la kuanikia juu kabisa. Ghorofa saba, vidato mia na ishirini na sita. Nikitoka zamu nilipanda mara kumi. Mara ya kwanza nikipanda kidato kimoja kimoja, haraka kama cherehani. Mara ya pili nikiruka viwili viwili. Mara ya tatu nimebeba furushi la mashuka mabichi kifuani ili mikono isinisaidie. Kushuka nilishuka taratibu nikiwa nimeshika ukuta, kwa ajili ya magoti. Mama wa chumba namba kumi na nne alifungua mlango siku ya tatu akauliza kama kuna moto. Siku ya saba akauliza kama nina akili timamu. Wiki ya tatu alianza kuniwekea kikombe cha maji nje ya mlango.

Kwa mbio ndefu nilikwenda majini. Mlinzi wa shule iliyo nyuma ya hospitali ni mteja wetu wa kufuliwa sare; akaniruhusu kutumia bwawa Jumamosi mchana wakati wanafunzi hawapo. Nilijifunga madumu mawili matupu kiunoni ili nielee, nikakimbia kwenye kina bila miguu kugusa chini, saa nzima, kwenda na kurudi, kama mwendawazimu anayemfukuza samaki. Nilipachagua majini kwa sababu majini hakuna mlio wa viatu. Na kweli, sikusikia vishindo. Nilisikia hesabu. Moja, mbili, tatu, achia. Ilitoka chini, Shangazi, ilipanda mwilini mwangu kupitia tumboni.

Na kwa kasi, nilitumia paa. Unajua kamba zilivyopangwa pale juu, mistari kumi na minne, mashuka yakining'inia mpaka karibu na sakafu. Nilikimbia katikati yake. Hatua arobaini, geuka. Hatua arobaini, geuka. Ukigeuka ovyo unajifunga shuka bichi usoni, kwa hiyo vifundo vya miguu vilijifunza adabu. Upepo ukiwa mkali mashuka yananisukuma, nikapata mazoezi ya kupambana na mtu anayekubana ndani ya kundi. Nilijipima kwa kile king'ora kidogo cha mashine ya kukausha, kinacholia kila baada ya dakika tatu. Kikilia naondoka, kikilia tena napumzika.

Mara nyingi, nikiwa kwenye mstari mmoja, niliona kwa pembe ya jicho shuka la mstari wa pili, upande wa kushoto, likivimba sambamba na mimi. Nikikaza, linakaza. Nikisimama, linatulia. Najua ni upepo. Lakini siku moja niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikatazama chini ya pindo za mashuka, na kwa muda wa kupepesa jicho niliona mstari wa pili kiatu kimoja kimefungwa na kingine bado. Nikashuka ngazi zote saba bila kujua nimeshukaje. Sikumwambia mtu. Siku iliyofuata nilipanda tena, kwa sababu kubaki chini na lile nililolijua kulinitisha zaidi.

Kocha Filimbi alikuja kutazama mara moja. Alipanda ngazi akihema, akasimama kwenye mlango wa paa, akanitazama nikizunguka mashuka. "Haya si mazoezi," akasema. "Huu ni mchezo wa kombolela." Akashuka. Lakini mwezi wa nne wa mazoezi yangu alinipeleka uwanjani, akanipima mita elfu tatu. Nilipomaliza aliitikisa saa yake, akaiweka sikioni, akaitazama tena. Jumapili ile, kwa mara ya kwanza, jina langu kwenye karatasi lilikuwa na nafasi tupu mbele yake, na ameandika kwa penseli: ajipangie.

Siku ya mchujo ilikuwa alasiri ya jua kali. Mizunguko kumi na miwili na nusu. Nilikimbia mstari wa ndani kabisa. Wewe si mtu wa viwanja, nikueleze: ukiwa mstari wa ndani, kushoto kwako kuna ukingo, na baada ya ukingo ni majani. Hakuna mtu anayeweza kukimbia pale. Kwenye mzunguko wa tisa, wakati pumzi inaanza kukata, vishindo vikaja. Kushoto. Juu ya majani. Watu wote walikuwa kulia kwangu, Shangazi, na mimi nilisikia viatu kushoto, nusu hatua mbele, na ile sauti ya chini. Moja, mbili, tatu, achia.

Sikuogopa. Nisikufiche, nilifurahi. Nikashusha mabega kila aliponiambia. Nikawapita wawili kwenye mzunguko wa kumi na mmoja, mmoja tena kwenye mita mia za mwisho.

Kisha likatokea lile lililonifanya nishike kalamu. Nikiwa bado nimeinama, mikono magotini, mtangazaji wa redio akanisogezea kipaza sauti. Alikuwa ameshapata habari za ngazi, za madumu na mashuka. Akauliza, "Mazoezi haya ya ajabu ulifundishwa na nani, au umeyabuni mwenyewe?"

Nikasema, "Nimeyabuni mwenyewe."

Pale pale pakawa kimya. Watu walikuwa wanapiga kelele, ndiyo, lakini kushoto kwangu palikuwa kimya kama chumba kilichohamwa. Tangu siku ile sijasikia kishindo, wala hesabu, wala pumzi. Napanda paani, mashuka yanapeperuka kama mashuka tu. Nilidhani nikiachwa nitapumua. Kumbe kuandamwa kulikuwa na upole wake. Sasa nimebaki na mimi peke yangu, na ni mimi huyo niliyekuwa nikimkimbia.

Wiki ile ile wifi akanipigia simu kunifikishia salamu zako. Alisema ulisikia redioni, ukafurahi mpaka ukatoa machozi, kisha ukasema, "Huyu alisikia la wakubwa. Mwanangu mimi aliponzwa na ubishi wake." Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi, nakuambia sasa.

Asubuhi ile karatasi ya kocha ilisema barabara, kilomita kumi na mbili. Ukungu ulikuwa umeshuka hata taa za getini hazionekani vizuri, na mafundi wa barabara walikuwa wamechimba pembeni, kwa hiyo ilikuwa lazima tukanyage lami. Dakika alisimama kwenye mlango wa dobi, kiatu kimoja amekifunga, kingine bado. Akasema, "Leo tusiende. Tupande ngazi mara kumi, halafu tukazunguke kwenye mashuka juu ya paa. Jumamosi tuombe bwawa la shule, tukimbie majini. Mwili haujui karatasi, dada. Unajua kazi tu."

Hayo yote aliyasema yeye. Ngazi ni zake. Paa ni lake. Maji ni yake.

Nikamcheka. Nikamwambia, "Wewe kila siku unatafuta njia ya mkato. Karatasi inasema barabara. Kama unaogopa, kalale." Nilijua neno hilo lingemfanya aje. Akainama akafunga kiatu cha pili. Tukaenda.

Dereva wa lile lori la kokoto hakuwa mlevi wala hakuwa na mbio. Alitokea kwenye ukungu pale darajani, akatuona tukiwa tumeshafika mbele yake, akamgonga Dakika. Alikaa chini barabarani akalia kama mtoto. Nadhani hata yeye anasikia kitu mpaka leo.

Na wewe uliponishika mikono siku ya msiba ukaniuliza kwa nini tulitoka na ukungu ule, ulikuwa hata huna hasira. Ulitaka kujua tu. Nikakujibu, "Nilimkataza. Yeye ndiye aliyetaka." Maneno mafupi, Shangazi. Yalinitoka kabla sijayafikiria, na yalipokwisha kutoka nikayaacha yatembee. Nikakuona ukifunika uso. Nilidhani unamlilia. Baadaye nikaelewa kwamba pale pale ulikuwa umeanza pia kumkasirikia mwanao, naye yuko ndani ya sanduku hawezi kujitetea.

Nilimuua mara moja kwa karatasi, na mara ya pili kwa mdomo wangu. Na uwanjani nikamwibia hata kile kidogo alichoniachia.

Kabla ya kukuandikia nimewaambia watu watatu. Wa kwanza ni baba. Siku tatu alipita karibu nami chumbani kama anayepita kwenye kiti. Siku ya nne aliweka kalamu na karatasi hizi mezani. "Usimtume mtu," akasema, "wala usipige simu. Andika, ili awe na kitu cha kurarua akitaka."

Wa pili ni kocha. Nilimweleza uwanjani, tumekaa kwenye ngazi za jukwaa. Aliniuliza jambo moja tu: "Alisema hivyo? Mwili haujui karatasi?" Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia, akaitazama ndani, akasema, "Karatasi ile niliiandika mimi." Nilitaka kumwambia kosa si lake, akanizuia kwa mkono. Kila mtu ana mzigo wake, na wake hakutaka nimbebee. Sasa karatasi inangoja Jumatatu asubuhi; habandiki chochote kabla ya kuwauliza vijana njia ikoje na miili ikoje, na yeyote anaruhusiwa kusema leo hapana, mradi aseme atafanya nini badala yake. Mmoja, mwenye kidonda cha kisigino, anaruka kamba ndani ya shimo la mchanga. Mwingine, anayelea mtoto mchanga, anakimbia huku na huku uani na mtoto mgongoni akiwa amelala. Kocha anawapima wote kwa saa ile ile, na hacheki.

Wa tatu ni yule mtangazaji. Nilimfuata mpaka kituoni, nikakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa mbili asubuhi mpaka mchana. Jumamosi iliyopita alisoma kwenye kipindi chake kwamba mazoezi yale yalibuniwa na mkimbiaji marehemu, akamtaja kwa jina lake kamili, lile ulilompa wewe. Ilikuwa sentensi moja. Sijui kama huko kwenu mawimbi yalifika.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Ukikaa kimya nitaelewa, na ukinijibu kwa hasira nitasoma kila neno mpaka mwisho. Kambini nitakwenda, kwa kuwa baba na kocha wamesema kutokwenda kutakuwa njia nyingine ya kujificha. Nikitoka huko nitapanda basi nije kwako mwenyewe, bila kumtanguliza mtu. Ukinifungulia nitaingia. Usiponifungulia nitakaa nje mpaka jua lizame, kisha nitarudi nilikotoka, na sitakulaumu.

Nakuomba jambo moja tu, na si kwa ajili yangu. Ukimtaja kwa jirani, kwa wateja wako, kwa mjukuu anayekutungia uzi, usiseme tena kwamba aliponzwa na ubishi. Hakubisha, Shangazi. Angebisha, angekuwa hai.

Nisalimie kaka mkubwa. Mwambie barua hii naye aisome, maana nimemkosea hata yeye, kwa kumsingizia dada yake. Nisalimie wifi, namwomba radhi kwa ile simu niliyoikata. Mbusu mjukuu mtunga uzi, na pacha wa jirani yenu waliokuja kwenye msiba wakiwa wameshikana mikono. Baba anakusalimu sana, anasema atakupigia ukiwa tayari, si kabla.

Mungu akulinde, akutie nguvu ya kuubeba ukweli huu nilioutua mlangoni pako, na ampe pumziko binti yetu.

Wako akupendaye kwa aibu na kwa moyo wote,

Mtoto wa kaka yako.